Dhana potofu katika ukarabati wa nyumba: mwongozo wa kushughulikia unyevu, nyufa na plasta kwa mpangilio unaofaa

Nyumba nyingi za matofali ya saruji katika miji ya pwani, kuanzia Mtwara na Dar es Salaam hadi Tanga na Mombasa, huharibiwa na maji kuliko kitu kingine chochote. Maji hupenya kwenye bati, hupanda kutoka ardhini, huvuja katika bomba lililofukiwa ukutani, na hatimaye hujitokeza sebuleni kama rangi iliyovimba na kubanduka. Mwenye nyumba akiiona hali hiyo, mara nyingi hukimbilia dukani kununua rangi mpya na puti ya kusawazisha, na ukuta hupendeza kwa miezi kadhaa. Masika yanapopita, doa hurudi palepale.

Chanzo cha hasara hiyo ni dhana kwamba ukarabati ni kazi ya kupendezesha, na kwa hiyo huanza na kile kinachoonekana. Mwongozo huu umepangwa kinyume cha dhana hiyo: unaanzia juu kwenda chini na nje kwenda ndani, na unaiweka rangi mwisho kabisa. Ninasisitiza mpangilio huu kwa sababu kazi nzuri iliyofanywa kabla ya wakati wake hulazimika kubomolewa, hata kama fundi alikuwa hodari na vifaa vilikuwa bora.

Hatua ya kwanza: chunguza ukuta kabla ya kununua chochote

Watu wengi huamini kwamba unyevu wa ukutani ni wa aina moja, na kwamba "fangasi" husababishwa na rangi mbaya. Kuvu huota penye unyevu, na unyevu wenyewe huwa na vyanzo tofauti vinavyohitaji tiba tofauti. Doa linaloanzia sakafuni na kupanda hadi karibu mita moja, likiacha mstari wa unga mweupe wa chumvi kwenye ukingo wake wa juu, kwa kawaida ni maji yanayofyonzwa kutoka ardhini kupitia matundu madogo ya matofali. Doa lililo karibu na dari, ambalo hukolea mvua ikinyesha na kufifia jua likiwaka, linatoka kwenye paa au kwenye ukuta wa nje. Doa lisilojali mvua wala kiangazi, hasa upande wa pili wa bafu au jiko, linapaswa kukutia shaka juu ya bomba.

Iwapo huna uhakika kama maji yanatoka ndani ya ukuta au ni mvuke wa chumbani, kipo kipimo rahisi. Chukua kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa takriban sentimita 30 kwa 30, pangusa ukuta hadi uwe mkavu kwa juu, kisha kibandike kwa solotepu pande zote nne bila kuacha upenyo, na ukiache kwa siku mbili. Ukikuta matone kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta matone juu ya nailoni, upande unaotazama chumba, tatizo ni hewa yenye mvuke isiyopata pa kutokea, na tiba yake ni kufungua madirisha na matundu ya hewa. Plasta mpya haitasaidia lolote.

Kwa upande wa bomba, funga koki zote, pamoja na ile inayoingiza maji kwenye tangi, soma mita, kisha uisome tena baada ya saa moja au mbili ambazo hakuna aliyetumia maji. Mita ikiwa imesogea, kuna mahali panapovuja kati ya mita na nyumba. Kipimo hicho hakigusi mabomba yanayolishwa na tangi la juu, kwa hiyo weka alama ya kimo cha maji ndani ya tangi usiku, zuia matumizi yote, na uangalie asubuhi. Fanya vipimo hivi kabla ya kumwita fundi, ili mazungumzo yenu yaanze na ushahidi.

Hatua ya pili: maliza matatizo ya paa

Dhana ya kwanza inahusu unene wa bati. Wanunuzi wengi hudhani kwamba bati la geji 32 ni nene kuliko la geji 28 kwa kuwa namba yake ni kubwa, ilhali namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba. Geji 28 ina unene wa takriban milimita 0.4, geji 30 takriban 0.3, na geji 32 karibu 0.25. Njia salama ni kuuliza unene kwa milimita na kuhakikisha kwamba kipimo hicho kinafuatana na kile kilichochapishwa kwenye bati lenyewe, kwa sababu jina la geji peke yake hutamkwa kwa ulegevu sana madukani.

Dhana ya pili ni kwamba lami au gundi ya kuziba, ikipakwa juu ya tundu la msumari, imemaliza kazi. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na msumari uliolegea huendelea kucheza chini ya lami mpaka lami inapasuka. Ng'oa msumari huo, angalia kama papi, yaani ubao unaoshikilia bati, chini yake imeoza, kisha funga skrubu nene zaidi yenye mpira mzima. Kwenye mabati ya migongo ya kawaida, msumari hupigwa juu ya mgongo, kwa kuwa maji hupita bondeni.

Sina budi kusema jambo kuhusu mapaa yanayofichwa nyuma ya ukuta, ambayo yameenea sana katika miaka ya karibuni kwa sababu ya mwonekano wake. Husemwa kwamba ni nafuu, kwa kuwa mbao na mabati yanayohitajika ni machache. Kinachosahaulika ni kwamba paa la kawaida hutupa maji nje ya nyumba, ilhali paa la kuficha huyakusanya ndani ya mzunguko wa kuta na kutegemea mfereji mmoja au miwili kuyatoa. Majani yakiziba tundu la kutolea maji wakati mvua kubwa inanyesha, mfereji hufurika kuelekea darini. Kama nyumba yako ni ya aina hiyo, hakikisha kila mfereji una matundu yasiyopungua mawili, toboa ukuta na uweke kipande cha bomba la tahadhari juu kidogo ya kimo cha kawaida cha maji ili yakizidi yamwagike nje, na uufunike ukingo wa juu wa ukuta kwa bati au zege lenye mteremko kuelekea kwenye paa. Safisha mifereji hiyo kabla ya masika na tena kabla ya vuli, bila kungoja dalili ya kuvuja.

Hatua ya tatu: rekebisha ardhi inayoizunguka nyumba

Wengi huamini kwamba kumwaga zege kuzunguka nyumba huondoa unyevu. Zege hilo husaidia likiwa na mteremko wa kwenda nje, angalau sentimita 2 na nusu kwa kila mita, na likiwa chini ya usawa wa sakafu ya ndani. Likimwagwa bapa, au likipandishwa hadi kufikia usawa wa jamvi, yaani zege la sakafu ya ndani, huyaelekeza maji ukutani na kuyafungia hapo. Kipimo kinachofaa ni kuacha angalau sentimita 15 kati ya uso wa ardhi wa nje na ile tabaka ya kuzuia unyevu, yaani nailoni nzito inayotandazwa juu ya msingi kabla matofali ya ukuta hayajaanza kupangwa.

Kosa hili hutokea pia taratibu, bila mtu kuamua. Kifusi kilichobaki husambazwa uani, bustani ya maua hujazwa udongo kuegemea ukuta, barabara ya mtaa huinuliwa, na baada ya miaka kadhaa nyumba iliyojengwa juu hujikuta shimoni. Chimba udongo huo uuondoe, elekeza maji ya mvua mbali na msingi, na usipande chochote kinachomwagiliwa karibu na ukuta.

Ikiwa nyumba ilijengwa bila tabaka ya kuzuia unyevu, ipo njia ya kuzikata kuta kwa vipande vifupi vinavyopishana na kuingiza tabaka hiyo, na ipo pia njia ya kutoboa matundu chini ya ukuta na kuingiza kemikali inayozuia ufyonzaji. Njia zote mbili zinahitaji mtaalamu, na kwa maoni yangu zisijaribiwe kabla ya kurekebisha mteremko wa nje, kwa sababu mara nyingi marekebisho hayo peke yake hupunguza unyevu kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya nne: pima nyufa kabla ya kuziziba

Zipo dhana mbili zinazopingana, na zote huleta madhara: kwamba kila ufa ni dalili ya nyumba kuanguka, na kwamba kila ufa ni wa plasta tu. Nyufa nyembamba kama nywele, zilizotawanyika kama utando, ni plasta iliyosinyaa na hazina hatari. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda kwa mshazari huonyesha kwamba lenta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya uwazi huo, ina kasoro au msingi umetitia upande mmoja. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya matofali nao unastahili kufuatiliwa.

Piga mstari mdogo wa penseli kwenye kila mwisho wa ufa, andika tarehe, na upime upana wake mahali palipo papana zaidi. Rudia vipimo kila mwezi, na ikiwezekana uvuke nao msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi, hasa pale nyumba inaposimama juu ya udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ufa usiobadilika unaweza kuzibwa: upanuliwe kwa tindo, usafishwe, uloweshwe, kisha ujazwe. Ufa unaoendelea kukua, au uliozidi milimita 5, unahitaji kukaguliwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na hadi hapo usiufunike kwa plasta, kwa kuwa utakuwa umeondoa alama pekee inayoonyesha mwenendo wake.

Tahadhari hiyohiyo inahusu kubomoa ukuta ili kuunganisha sebule na chumba cha kulia. Husemwa kwamba ukuta wa ndani haubebi kitu. Kenchi nyingi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, huegemea kuta za ndani, na katika nyumba ya ghorofa ukuta wa chini unaweza kuwa umebeba zege zima lililo juu yake. Kazi hiyo inahitaji mhandisi na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri.

Hatua ya tano: bandua plasta mbovu na upige mpya

Hapa ndipo dhana potofu zilipo nyingi zaidi, na ndipo fedha nyingi hupotea.

Anza kwa kugonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Panapotoa sauti ya uwazi, plasta imeachana na tofali. Bandua sehemu hiyo yote, na kama tatizo lilikuwa maji yanayopanda, endelea hadi karibu sentimita 50 juu ya mstari wa chumvi, kwa sababu chumvi iliyobaki kwenye plasta ya zamani huvuta unyevu wa hewa hata baada ya chanzo kuzibwa. Piga brashi kavu matofali yaliyobaki wazi, ondoa unga wote, na uuache ukuta ukauke kwa wiki kadhaa. Kuharakisha hatua hii ndiyo sababu kubwa ya plasta mpya kurudia ugonjwa wa zamani.

Dhana iliyoota mizizi ni kwamba saruji ikizidi, plasta huwa imara. Saruji nyingi huifanya plasta kuwa ngumu na kusinyaa sana, ikapasuka na kujivua kutoka kwenye tofali lililo laini kuliko yenyewe. Uwiano unaofaa ni sehemu moja ya saruji kwa nne hadi sita za mchanga. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35, kwa hiyo uwiano wa moja kwa nne ni karibu ndoo 7 za lita 20, na wa moja kwa tano ni karibu ndoo 9. Pima kwa ndoo iliyojazwa na kusawazishwa. Beleshi na toroli hubadilika kulingana na mkono wa anayejaza. Plasta ya ndani hunufaika pia kwa kuongezwa chokaa, kwa uwiano wa saruji moja, chokaa moja na mchanga sita, kwa kuwa hulainika mkononi na hupasuka kidogo.

Vivyo hivyo, saruji ya daraja la 42.5 huonekana kuwa bora kuliko ya 32.5 kwa kila kazi. Namba hizo hueleza nguvu ya kuhimili mgandamizo baada ya siku 28, na daraja la juu linafaa zaidi kwa nguzo, lenta na zege la ghorofa. Kwa plasta na kupanga matofali, 32.5 inatosha na mara nyingi hufaa zaidi.

Mchanga nao haupimwi kwa macho. Mchanga wa ufukweni una chumvi, ambayo huvuta unyevu ukutani na kuila nondo ndani ya zege, na kuuanika juani hakuondoi chumvi hiyo. Kwa mchanga wa mtoni au wa machimbo, jaza chupa ya kioo nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa vizuri, kisha iache itulie kwa saa kadhaa. Tope litajipanga juu ya mchanga kama tabaka laini; kimo chake kikikaribia sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, mchanga huo uoshwe au ukataliwe.

Kuhusu maji, mchanganyiko wenye maji mengi ni rahisi kuusambaza lakini huwa dhaifu. Koroga kiasi kinachoweza kutumika ndani ya saa moja. Mara nyingi mfuko mzima hukorogwa asubuhi, na mchana mchanganyiko uliokwisha kuanza kushika huongezewa maji na kukorogwa upya ili ulainike. Ulaini huo unadanganya: mwungano uliokuwa umeanza umevunjwa, na plasta itakayopigwa itapukutika ikikwanguliwa kwa kucha. Mchanganyiko huo utupwe.

Lowesha ukuta, piga tabaka ya milimita 12 hadi 15, na panapohitajika unene unaozidi 20, piga mara mbili. Kisha mwagilia. Dhana kwamba saruji hushika kwa kukauka ndiyo inayofanya watu waache plasta mpya iungue juani, ilhali saruji hupata nguvu kwa kuungana na maji, na maji yakiondoka mapema kazi husimama nusu. Mwagilia taratibu asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua 7, na upande unaopigwa na jua ufunike kwa magunia yaliyolowa. Weka jukumu hilo kwenye makubaliano na fundi, pamoja na malipo yake, kwa kuwa kazi isiyo na mwenyewe haifanywi.

Yote haya yanahusu nyumba za matofali ya saruji. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na za Lamu, iliyoingizwa mwaka 2001, zina kuta nene za mawe ya matumbawe zilizoungwa kwa chokaa, na sakafu za ghorofa zinazobebwa na boriti za mikoko. Kuta hizo hufyonza unyevu na kuutoa nje kupitia chokaa. Kuzipiga plasta ya saruji kwa kuamini kwamba ndiyo imara zaidi ni kuufungia unyevu ndani, ambapo huozesha ncha za boriti zilizozama ukutani na kuilegeza chokaa yenyewe, bila dalili ya nje mpaka madhara yawe makubwa. Nyumba hizo zikarabatiwe kwa chokaa, na huko Zanzibar baada ya kupata idhini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Hatua ya sita: bafu na umeme

Vigae havizuii maji. Maji hupita kwenye maungio yake, na kinachoyazuia ni tabaka ya kemikali inayopakwa sakafuni na ukutani kabla ya vigae kubandikwa. Baada ya kuipaka na kuiacha ikauke, ziba tundu la kutolea maji, jaza sakafu maji ya kimo cha sentimita 2 hadi 3, na uyaache kwa siku nzima. Yakipungua waziwazi au yakionekana upande wa pili wa ukuta, rudia kupaka kabla ya kubandika kigae hata kimoja.

Kwa umeme, dhana ya hatari kuliko zote ni kwamba breka inayojikata mara kwa mara ni ndogo na ibadilishwe kwa kubwa. Breka huulinda waya. Ukiiongeza bila kubadilisha waya, waya ndio utakaopata moto ukutani au darini. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na jiko la umeme 6 au zaidi. Matengenezo yafanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania Bara, na waya zipitishwe kabla ya plasta ya hatua ya tano kupigwa, ingawa zinatajwa hapa baada yake, pamoja na waya wa ardhi unaofika kwenye kila soketi.

Hatua ya saba: rangi

Plasta mpya ingojewe kwa takriban wiki nne kabla ya kupakwa rangi, kwa sababu bado ina maji na alkali inayoharibu rangi, hususan ya mafuta. Rangi ya mafuta husifiwa kwamba haipitishi maji, na hiyo ndiyo sababu haifai kwenye ukuta wenye historia ya unyevu: maji yaliyo ndani hushindwa kutoka na kuisukuma rangi mpaka ivimbe. Tumia rangi ya maji juu ya praima, yaani rangi ya msingi, inayohimili alkali. Katika nyumba ya zamani, rangi ya awali inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo ilowe kwanza ndipo uisugue kwa msasa, watoto wakiwa mbali, na vumbi likusanywe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa.

Kwa pwani ya Tanzania, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa mvua ni chache na ukuta hukauka vizuri. Paka mikono miwili, yaani tabaka mbili, kwa kufuata muda wa kungoja ulioandikwa kwenye ndoo, hifadhi lita moja kwenye chombo kinachofunga vizuri, na juu ya kifuniko chake andika namba ya rangi, namba ya toleo, chumba ilipopakwa na tarehe, kwa sababu rangi ya jina lilelile kutoka toleo jingine mara nyingi huonyesha kiraka pale utakapohitaji kurekebisha doa dogo.